Nani kocha bora kuliko wote? Ubishi wa Jumapili nyumbani kwetu

Kwetu Nottingham, Jumapili ni siku ya pilau na ubishi. Pilau hupika mke wangu. Ubishi huletwa na kaka yake, shemeji yangu, anayekuja kwa gari kutoka Leicester na chupa ya achari ya ndimu anayodai kaitengeneza mwenyewe, ingawa sote tunalijua duka alilonunua. Huingia saa saba mchana, huvua viatu, humsalimia dada yake, na kabla hajakaa kitako ameshaanza. Mara siasa za nyumbani, mara kama wali wa nazi wa Tanga unaushinda wa Mombasa. Jumapili ninayotaka kuisimulia, ya mwezi wa Novemba, aliingia na swali moja tu: nani kocha bora wa mpira wa miguu tangu mpira uanze kuchezwa?

Najua nawe msomaji unalijua swali hili. Nyumbani ungelikuta kijiweni kwenye kahawa na kashata, na lingekwisha kwa mtu kuondoka amenuna. Huku hatuna kijiwe, tuna kundi la WhatsApp. La kwetu lina watu kumi na wanne: ami yangu Muscat, binamu yangu anayesoma takwimu Minneapolis, dada zangu Dar es Salaam, na wengine waliotawanyika. Yumo pia baba yangu mzazi, mwenye miaka 81, aliyeko Tanga. Baba haandiki hata herufi moja. Yeye hutuma sauti, na sauti zake haziwi chini ya dakika sita, kwa sababu huanza kwa kuwasalimia watu wote kumi na wanne mmoja mmoja.

Mke wangu aliweka sheria. Kila mtu amtaje kocha mmoja na amtetee bila kupiga kelele. Atakayepandisha sauti ataosha sufuria ya pilau. Nayo siku ile ilikuwa na ukoko wa kutisha. Simu tukaiegemeza kwenye jagi la maji ili walio mbali wasikie.

Shemeji ni mtu wa Manchester United, kwa hiyo kocha wake alijulikana kabla hajafungua mdomo. Alex Ferguson alifika Old Trafford Novemba 1986 na kuondoka 2013, akiwa na mataji 38, yakiwemo 13 ya Ligi Kuu na mawili ya Ligi ya Mabingwa, 1999 na 2008. Shemeji huyataja haya kama mtu anayesoma uradi. Fainali ya 1999 kule Barcelona, dakika za majeruhi, Sheringham na Solskjær, wote wawili wametokea benchi: hapo akasimama, akapiga meza, na mke wangu akamwonyesha sufuria kwa kidole.

Mimi nadhani hoja kubwa ya Ferguson ipo mahali ambapo mashabiki wa United hawapaangalii. Ni Aberdeen. Katika nchi ambayo ubingwa ulikuwa mali ya Celtic na Rangers, aliichukua timu ya mji wa pwani wenye baridi na samaki, akawa bingwa wa Scotland, kisha mwaka 1983 akaifunga Real Madrid 2-1 pale Gothenburg katika fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya. Ukiwa na pesa za United unaweza kusema pesa ndizo zilizocheza. Aberdeen utasema nini?

Ami yangu wa Muscat akaingia na Carlo Ancelotti. Ligi ya Mabingwa mara tano akiwa kocha, mbili na Milan na tatu na Real Madrid, na ubingwa katika ligi zote tano kubwa: Italia, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Hispania. "Na hagombi na mtu," ami akasema. "Mchezaji tajiri na jeuri anamfanya kama mtoto wa nyumbani. Mnajua ilivyo kazi kumtawala tajiri?" Ami ni dereva wa familia moja kule kwa miaka mingi, kwa hiyo hapo hatukumbishia. Kisha akatoka nje ya sheria akasema kwamba kama ni mapenzi tu, angemtaja Claude Le Roy, Mfaransa aliyeipa Oman Kombe la Ghuba Januari 2009 hapo hapo Muscat, kwa penalti 6-5 dhidi ya Saudia. Anasema usiku ule alipiga honi mpaka alfajiri na askari aliyemsimamisha naye akaomba apige mara moja.

Binamu wa Minneapolis, kama kawaida ya wasomi, alikataa swali lenyewe. Unalinganishaje mtu wa 1974 na mtu wa leo? Ukihesabu makombe unahesabu pia pesa za mwenye klabu. Ukitafuta aliyebadilisha mchezo wenyewe, akasema, basi ni Mholanzi Rinus Michels wa Ajax na wa Uholanzi ile ya 1974, ambaye FIFA ilimtaja kocha wa karne mwaka 1999. Johan Cruyff alikuwa mchezaji wake, na Guardiola akawa mchezaji wa Cruyff, kwa hiyo Michels ni kama babu wa mpira tunaoutazama leo. Au Arrigo Sacchi, muuza viatu ambaye hakuwahi kucheza mpira wa kulipwa, na bado Milan yake ikabeba Kombe la Ulaya 1989 na 1990 mfululizo. Halafu akatuuliza jambo lililonifanya nione haya kidogo. Mbona hakuna aliyemtaja Mwafrika? Hassan Shehata aliipa Misri Kombe la Mataifa ya Afrika mara tatu mfululizo, 2006, 2008 na 2010. Charles Gyamfi aliipa Ghana mara tatu, 1963, 1965 na 1982. Walid Regragui aliifikisha Morocco nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022, mahali ambapo hakuna nchi ya Afrika iliyowahi kufika. Shemeji akajibu kuwa yeye alikuwa anakuja huko. Hakuwa anakuja huko.

Wakati wote huu mwanangu alikuwa anachokoa pilau. Ana miaka 15 na ni mtu wa Guardiola. Siku nyingine humwachi amalize sentensi kabla hajakurushia pointi 100 za msimu wa 2017 hadi 2018, makombe matatu kwa mpigo Barcelona 2009 na tena City 2023, mabeki wanaogeuka viungo katikati ya mchezo. Hubishana kwa Kiingereza, mjomba wake humjibu kwa Kiswahili, na wote wawili huelewana vizuri. Siku ile nikamchokoza: "Na mtetezi wa Guardiola yuko wapi?" Akainua mabega. Nikadhani ni simu, au msichana, au umri tu. Nikaendelea.

Zamu yangu ilipofika nikamtaja Brian Clough, kama ninavyomtaja kila mara.

Mimi ni dereva wa basi. Sanamu ya Clough iko katikati ya mji, hatua chache kutoka uwanja mkubwa wa soko, mikono imefumbatana juu ya kichwa kama anayewashukuru watu. Nilipofika mji huu sikuwa namjua. Majira yangu ya kwanza ya baridi nilisimama karibu na sanamu ile nikingoja basi, natetemeka, na mzee mmoja wa Kiingereza, bila kuulizwa, akanipa historia yote mpaka basi mbili zikapita. Huyo ndiye mtu wa kwanza aliyezungumza nami kirefu katika nchi hii ambaye hakuwa anataka kuona karatasi zangu. Huenda ndiyo sababu ninampenda Clough. Lakini hoja zake zinajitosheleza.

Januari 1975 Nottingham Forest ilikuwa daraja la pili, timu ya katikati ya msimamo. Clough alikuwa ametoka kufukuzwa Leeds baada ya siku 44. Mwaka 1977 akaipandisha Forest daraja. Mwaka 1978, msimu wa kwanza tu baada ya kupanda, ikawa bingwa wa Uingereza. Msimu uliofuata ikawatoa Liverpool, mabingwa wa Ulaya, katika raundi ya kwanza, na mwisho wake ikabeba Kombe la Ulaya Munich kwa kuifunga Malmö 1-0. Mwaka 1980 ikalibeba tena Madrid, 1-0 dhidi ya Hamburg. Mpaka leo Forest ina makombe mengi ya Ulaya kuliko mataji ya ligi ya nyumbani kwake. Fikiria Coastal Union yetu, iliyokuwa bingwa wa Bara 1988, iwe bingwa wa Afrika mara mbili mfululizo. Hivyo.

Na aliwafanya kina nani? Winga wake John Robertson alikuwa mzito, mvuta sigara, ambaye kabla ya Clough klabu ilikuwa tayari kumwachia aende. Huyo ndiye aliyepiga krosi ya bao la Munich, na huyo ndiye aliyefunga bao la Madrid. Beki wake Viv Anderson akawa mchezaji mweusi wa kwanza kuichezea timu ya taifa ya wakubwa ya Uingereza, Novemba 1978. Anderson mwenyewe amesimulia jinsi watazamaji wa ugenini walivyomrushia matunda alipokuwa anapasha misuli, akarudi benchi, na Clough akamwamuru arudi kule kule, tena amletee ndizi na mapeasi. Kisha akamweleza kwamba akiwaruhusu wale watu wamwamulie, hatacheza tena. Sijui kama ningependa kocha wa mwanangu afanye hivyo. Lakini kila ninapokuwa na abiria mwenye mdomo mchafu nyuma ya kiti changu, huwa nayakumbuka yale mapeasi.

Shemeji hakuniacha. Akanikumbusha kwamba Clough alishuka daraja msimu wake wa mwisho, 1993, mgonjwa wa pombe. Akanikumbusha Peter Taylor, msaidizi wake, mwenye jicho la kuwaona wachezaji. Taylor alipoondoka 1982, Clough hakuuona tena ubingwa wa ligi wala Kombe la Ulaya. Wakagombana mwaka uliofuata kwa sababu ya Robertson huyo huyo, Taylor alipomsajili Derby, na hawakupatana mpaka Taylor akafariki 1990. Hilo ni kweli, na sina jibu lake. Derby kuna sanamu ya wawili hao wamesimama pamoja. Yetu ya Nottingham iko peke yake.

Nikahamia kwenye hoja yangu ya mwisho, ninayoipenda. Clough alikuwa mfungaji hatari, mabao 251 katika mechi 274 za ligi, mpaka goti lilipovunjika siku ya pili ya Krismasi 1962. Hapo huwa nasema, na siku ile nilisema tena, huku nikijipapasa mguu wa kulia: "Mtu aliyenyang'anywa mpira na goti ndiye anayejua thamani yake. Mimi na Clough tunaelewana."

Shemeji akacheka, akasema kocha mkubwa haitaji goti, anahitaji moyo wa jiwe. Akatoa mfano. Mwaka 1990 Ferguson hakuwa ameshinda kitu United na watu walitaka afukuzwe. Akafika fainali ya Kombe la FA, sare 3-3 na Crystal Palace, na kipa wake Jim Leighton hakuwa na siku nzuri. Leighton alikuwa mtu wake tangu Aberdeen. Alikuwa golini usiku ule wa Gothenburg. Kwa mechi ya marudiano Ferguson akamweka kando, akamchezesha Les Sealey. United ikashinda 1-0, na hilo likawa kombe la kwanza la enzi yake. "Mnaona?" shemeji akasema. "Angekuwa na huruma, leo tusingemjua Ferguson. Leighton akaumia, lakini ndiyo mpira."

Mwanangu akainua kichwa. Akasema, kwa Kiswahili, jambo ambalo halifanyi mezani: "Mjomba, yeye kocha, alimwambia kwa uso? Ama aliandika tu?"

Shemeji akasema hajui, lakini kwani kuna tofauti gani.

Mwanangu akasukuma sahani, akapanda ngazi. Tukasikia mlango. Ami kutoka Muscat akauliza mbona kimya, mtandao umekatika? Mke wangu akaniambia nije jikoni.

Jikoni akanieleza. Mtoto ametemwa. Tangu ana miaka 11 alikuwa katika timu ya vijana ya klabu moja ya huku, siitaji, na wiki tatu zilizopita ilikuja baruapepe ya mistari sita, kwamba wanamshukuru kwa juhudi zake na hawataendelea naye. Ilikuja kwenye anwani ya mama yake, lakini yeye ndiye humsaidia mama kusoma barua za shule na za klabu, kwa hiyo aliisoma kabla yake, akaifuta. Mama aliigundua juzi kwenye kapu la taka la simu. Akamwapisha asinambie.

Nikauliza kwa nini mimi nisiambiwe. Mke wangu hakujibu, alitazama friji. Juu ya friji kuna picha ya mwanangu na jezi ya klabu ile, niliyoichapisha kubwa. Picha hiyo hiyo nimeituma Tanga, Dar na Muscat. Kwenye kundi nimeandika zaidi ya mara moja kwamba Taifa Stars wajiandae, beki wa kushoto anakuja. Kwa abiria wangu wa asubuhi pia nimesema.

Halafu nikakumbuka jambo. Dereva mwenzangu, Msomali, aliniambia wiki iliyotangulia kwamba alimwona kijana wangu kituoni katikati ya mji Jumanne saa kumi na mbili jioni, amekaa na begi la mpira. Nikamwambia amemfananisha, saa hizo yuko mazoezini. Nilimwambia kwa majivuno.

Nikapanda juu. Alikuwa amelala ubavu akiutazama ukuta. Nikakaa kitandani, na ukweli ni kwamba sikuwa na la kusema. Nikamuuliza: "Jumanne na Alhamisi ulikuwa unakwenda wapi na begi?" Akasema maktaba. Inafungwa saa moja, kisha anakaa kituoni mpaka muda wa kurudi ufike. Nikamuuliza alikuwa anasoma nini. Akasema hasomi, anacheza simu, lakini ndani kuna joto.

Ningeweza kumwambia Guardiola naye aliwahi kukataliwa, au kitu cha namna hiyo. Niliyekuwa namfikiria ni mimi. Nikamwambia: goti langu halikuwahi kuumia.

Akageuka.

Mwaka 1991, nikiwa na miaka 17, tuliitwa Mkwakwani kwa mchujo wa timu ya vijana ya mkoa. Siku tatu, vijana sitini na zaidi. Siku ya tatu jioni kocha akasimama na karatasi akasoma majina ishirini. Langu halikuwemo. Wenzangu wakaondoka, waliochaguliwa wakirukaruka, walioachwa wakitazama chini, na mimi nikabaki jukwaani kwa sababu niliamini karatasi ile ina ukurasa wa pili. Mlinzi ndiye aliyenitoa. Nikapita Ngamiani kwa vichochoro nisikutane na mtu. Kesho yake shuleni nikawaambia nimeumia goti, daktari kanikataza. Nikachechemea wiki mbili. Kisha hadithi ikazoeleka, nikaja nayo Ulaya, nikamposea nayo mama yake, nikamlelea nayo yeye. Na tangu nilipomjua Clough nikapata na mtu mkubwa wa kujilinganisha naye.

"So mama hajui?" akauliza.

"Anajua sasa," sauti ikatoka nje ya mlango. Alikuwa ameleta chai.

Tukakaa pale watatu kama saa nzima. Mwanangu akaisoma ile barua tena kwa sauti. Kilichomuuma, akasema, si kuachwa. Alikuwa anajua wenzake wawili wamekwisha mpita kwa mbio. Kilichomuuma ni kwamba Alhamisi ile alifanya mazoezi, kocha akampigia makofi, akamwambia tutaonana Jumanne, na barua ikaja Ijumaa. Miaka minne, akasema, na yule bwana jina lake alikuwa anaandika kwa makosa mpaka mwisho. Kisha akachukua simu akamtafuta Jim Leighton. Akasoma kimya, akanionyesha: mwaka 1998, miaka minane baada ya fainali ile, Leighton ndiye aliyekuwa golini mwa Scotland mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia dhidi ya Brazil, ana miaka 39. Akashuka nayo hiyo kwa mjomba wake. Nikamsikia shemeji akisema "Wallahi?" kwa sauti kubwa mno, na mke wangu akimwambia sufuria ni yake.

Usiku ndipo sauti ya baba ilipoingia kutoka Tanga. Dakika tisa. Salamu kwa watu wote, hali ya mvua, bei ya nazi, kisha kocha wake. Joel Bendera.

Wasomaji vijana huenda hamlijui jina hilo, au mnalijua kwa siasa tu, maana alikuja kuwa mbunge wa Korogwe na naibu waziri wa michezo. Baba anamjua wa kabla ya hapo, aliyekuwa benchi la Taifa Stars pamoja na Mpolandi Slawomir Wolk, timu iliyokwenda Ndola mwaka 1979 ikatoka sare 1-1 na Zambia kwa bao la Peter Tino, ikapata tiketi ya fainali za Afrika za 1980 Lagos. Baba alisikiliza redioni mtaani na anasema watu wazima walikumbatiana na wadeni wao. Lagos yenyewe tulifungwa na Nigeria 3-1, tukafungwa na Misri 2-1, tukatoka sare 1-1 na Côte d'Ivoire, basi tukarudi nyumbani. Haikuwa mpaka 2019 ndipo Tanzania ikarudi kwenye fainali hizo. "Miaka 39," baba akasema. "Hao wenu wana makombe, sawa. Wape wachezaji wanaotoka kazini saa tisa ndipo waende mazoezini, na mpira mmoja wa kugawana, halafu niiteni."

Mwanangu akaisikiliza sauti ile mara mbili. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akabonyeza kinasa sauti, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Shikamoo babu. Mimi wamenitoa timu. Baba anasema yeye pia. Ni kweli goti lake zima?" Akatuma, kwenye kundi, watu kumi na wanne.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikiwa kituo cha mwisho cha njia yangu nikaliona jibu, nikalisikiliza ndani ya basi tupu. Baba alianza kwa kucheka muda mrefu mpaka akakohoa. Hakusalimia mtu. Akasema goti la baba yako, mjukuu wangu, lilikuwa zima kama la ng'ombe. Kisha akasema jambo ambalo kwa miaka yote hakuwahi kuniambia. Usiku ule ule wa mchujo, yule kocha alikuja nyumbani kwetu kwa baiskeli. Alikuwa anawazungukia walioachwa wa mjini, nyumba kwa nyumba. Akanywa chai na mkate wa kumimina. Akasema kijana anauona mpira vizuri, lakini miguu mizito, na haitakuwa nyepesi, amsomeshe. Akaomba niitwe aniambie mwenyewe. Mimi nilikuwa nimejifungia chumba cha uani na kuzima taa.

"Nikamwambia mwache, mwalimu, nitamwambia mimi," baba akasema. "Asubuhi nikamwona anachechemea. Nikasema aah, kijana keshajipatia dawa yake, nimnyang'anye ya nini? Nikanyamaza. Labda nilikosea. Mwambie baba yako kama nilikosea anisamehe, lakini na yeye aache kuchechemea watu wakimtazama."

Abiria walikuwa wanagonga mlango. Nilichelewa dakika nne, na nikaandika sababu: msongamano.

Tangu hapo yametokea mawili matatu. Niliiandikia klabu kwa adabu kuomba kuonana na mtu, na tukapewa dakika kumi na bwana ambaye hakuwa kocha wake. Alisema pole, akamwambia mwanangu mambo mawili ya kweli kuhusu mguu wake wa kulia, na mwanangu akasema yalitosha. Picha ya friji nilitaka kuiondoa, mwenyewe akanikataza. Sasa anacheza timu ya mtaa, Jumapili asubuhi, kwenye uwanja wenye mteremko ambao mpira ukitoka unaufuata mpaka mtoni. Kocha wao ni mtu wa posta. Ijumaa jioni huwapigia simu wote, mmoja mmoja, kuwaambia nani ataanza na nani atakaa benchi na kwa nini. Mwanangu amekaa benchi mechi nne kati ya saba.

Kwa sababu hiyo pilau imesogezwa mpaka saa tisa, na shemeji analalamika kwamba anafika na njaa. Kura hatukuwahi kupiga. Ami bado yuko na Ancelotti, binamu ameandika kurasa mbili ambazo hakuna aliyezisoma, na baba kila akituma sauti humalizia kwa jina la Bendera kama anayetia sahihi. Nilidhani mwanangu, baada ya yote yale, angehamia kwa Clough, au angalau kwa yule kocha wa baiskeli. Nikamuuliza juzi tukiwa tunakwangua tope kwenye viatu vyake.

"Guardiola, baba," akasema. "Be serious."